Dar es Salaam ilipopiga kura mara mbili: uchaguzi wa Rais wa 1995

Kila Marekani wanapochagua rais, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio yetu hubadilika. Msikilizaji amesikia kwenye taarifa ya habari kwamba fulani ameshinda jimbo la Pennsylvania na mwenzake amechukua jimbo jingine, halafu anatuuliza: mbona hapa kwetu hatutangaziwi kwamba mgombea "ameichukua" Dar es Salaam au "ameichukua" Tabora? Wengine huongeza swali la pili, lenye wivu kidogo: hivi hawa watu wa Dar, pamoja na kelele zao zote, kura zao zina uzito kuliko zetu sisi wa huku kijijini?

Majibu ya maswali hayo ni mafupi. Lakini yapo kwenye kisa kirefu ambacho wasikilizaji wetu wengi wenye umri chini ya miaka arobaini hawakukiona, na sisi wenyewe tulikuwa watoto kilipotokea. Ni kisa cha mwaka ambao nchi nzima ilikaa wiki tatu ikisubiri mkoa mmoja umalize kupiga kura. Mwaka wenyewe ni 1995, na mkoa ni Dar es Salaam.

Neno moja, maana mbili

Tuanze na neno "jimbo", maana ndilo linalotuchanganya. Tunapotangaza habari za Marekani, jimbo ni sehemu kubwa ya nchi yenye gavana wake, bunge lake na sheria zake. Marekani wana majimbo 50. Rais wao hachaguliwi kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa kumchagua rais, na karibu majimbo yote humpa anayeongoza wajumbe wote, hata kama ameongoza kwa kura chache. Wajumbe ni 538, na mwenye kufikisha 270 ndiye rais. Ndiyo maana mwaka 2000 George W. Bush aliingia Ikulu ya Marekani baada ya kuongoza Florida kwa kura 537 tu, na mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura nyingi kuliko Donald Trump, kwa tofauti ya karibu milioni 3, na bado akashindwa.

Hapa kwetu jimbo ni eneo la kumchagua mbunge mmoja, basi. Kura ya Rais haina jimbo, haina mkoa. Zote huingia kapu moja. Msimamizi wa uchaguzi wa jimbo anajumlisha kura za Rais za vituo vyake na kuzipeleka Tume, na Tume inazisoma hewani jimbo kwa jimbo, lakini kusomwa huko ni kutujulisha tu. Mgombea akishinda Kigoma yote hapewi chochote cha ziada. Kura ya mwenye duka wa Mtaa wa Kongo pale Kariakoo na kura ya mkulima wa pamba wa Kishapu zina uzito uleule.

Kwenye ubunge hali ni tofauti, na hapo wa kulalamika ni mtu wa Dar, si wewe. Mwaka 1995 nchi ilikuwa na majimbo 232, na Dar es Salaam ilikuwa na saba: Ilala, Ukonga, Kinondoni, Kawe, Ubungo, Temeke na Kigamboni. Sensa ya 1988 ilikuwa imehesabu watu 1,360,850 mkoani humo, kati ya milioni 23 wa nchi nzima. Yaani karibu watu sita katika kila mia walikuwa Dar, ila wabunge wake walikuwa watatu tu katika kila mia. Kwa hiyo kura ya Rais ndiyo mahali pekee ambapo mtu wa mjini alipimwa kwa ukamilifu wake. Likumbuke hilo tunapofika kwenye siku ambayo kura hiyo iliharibika.

Majina manne kwenye karatasi

Ili kuelewa kwa nini watu walipanga foleni alfajiri, ni lazima urudi nyuma kidogo. Mara ya mwisho Watanganyika kuona majina mawili kwenye karatasi ya kura ya Rais ilikuwa Novemba 1962, Julius Nyerere wa TANU dhidi ya Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC. Nyerere alipata zaidi ya asilimia 98. Baada ya hapo ukaja mfumo wa chama kimoja, na kuanzia 1965 mpiga kura alikuwa anaulizwa ndiyo au hapana kwa mtu mmoja. Kijana aliyezaliwa mwaka wa uhuru alifikisha miaka 34 bila kuwahi kuchagua kati ya watu wawili wanaotaka urais.

Vyama vingi viliruhusiwa tena mwaka 1992. Oktoba 1995 karatasi ilikuwa na majina manne. Benjamin William Mkapa wa CCM, mwandishi wa habari wa zamani na waziri wa miaka mingi. Augustine Lyatonga Mrema wa NCCR-Mageuzi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na Naibu Waziri Mkuu kabla ya kuihama CCM mwaka huohuo. Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF, mchumi. Na John Cheyo wa UDP, ambaye watu walimwita Bwana Mapesa kwa sababu ya ahadi zake za kuwatia watu fedha mfukoni.

Dar es Salaam mshindani halisi wa Mkapa alikuwa Mrema. Akiwa waziri alijijengea jina la mtu wa kufika mwenyewe kwenye tatizo, kutoa amri ya siku saba na kurudi kuangalia kama imetekelezwa. Wachuuzi na vijana wasio na ajira walimpenda kwa hilo. Simulizi za wafuasi wake kulisukuma gari lake kwa mikono barabarani bado zinapigwa vijiweni Kariakoo na Ilala. Upande wa pili Mwalimu Nyerere, aliyekwisha kustaafu, alizunguka nchi akimnadi Mkapa, na maneno yake yalisikika hadi vijijini kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Radio One na televisheni binafsi zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza mwaka 1994, na mawimbi yake hayakufika mbali. Kijijini kwenu, kama nyumba ilikuwa na redio ya mkulima, basi ilikuwa RTD.

Kariakoo yenyewe imezungukwa na historia hii. Mtaa wa Lumumba, ulio mpakani mwa Kariakoo na Mnazi Mmoja, ndipo TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, na CCM ina ofisi yake ndogo hapo mpaka leo. Kushuka bondeni ni viwanja vya Jangwani, ambako vyama vyote hupeleka mikutano yao mikubwa. Anayejaza Jangwani anaonekana na mji mzima. Ila kujaza uwanja na kujaza sanduku la kura ni vitu viwili, na tutalirudia hilo mbele kidogo.

Jumapili ya kwanza, 29 Oktoba

Uchaguzi ulifanyika Jumapili tarehe 29 Oktoba 1995. Wiki moja kabla, tarehe 22, Zanzibar ilikuwa imechagua Rais wake, na Salmin Amour akatangazwa mshindi dhidi ya Seif Sharif Hamad kwa asilimia 50.2 kwa 49.8. Upinzani ulikuwa umeyakataa matokeo hayo, hivyo nchi iliamkia Jumapili ile ikiwa tayari na wasiwasi.

Dar es Salaam watu walijipanga vituoni tangu giza halijaisha. Vituo havikufunguliwa. Kwingine karatasi za kura hazikuwapo, kwingine zilikuja pungufu, kwingine zilifika za jimbo jingine. Vifaa vingine, mihuri, wino na fomu, vilikosekana. Kuna vituo vilivyoanza kazi mchana, kuna vilivyoanza jioni, na kuna ambavyo havikufungua kabisa mpaka jua likazama. Makarani walikuwepo, mawakala wa vyama walikuwepo, wapiga kura wako kwenye foleni, na kazi haiendi.

Hapa inatubidi tuseme linalotushangaza. Vijiji vya mbali, ambako masanduku yalipelekwa kwa mtumbwi au kwa kutembea, vilipiga kura. Mkoa ulioshindwa ni ule wenye bandari, wenye lami, na wenye makao makuu ya Tume yenyewe, maana wakati huo Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilikuwa Dar es Salaam. Mtu aliyewahi kusimama Mtaa wa Msimbazi saa kumi na mbili asubuhi anajua jinsi magunia ya viazi yanavyoshushwa, kupakiwa kwenye mikokoteni na kumalizika kabla chai haijapoa. Karatasi za kura zikashindwa safari hiyohiyo.

Kwa nini? Maelezo yalikuwa mawili, na mpaka leo ukikaa na wazee wa mjini utayasikia yote. Upande wa Tume na serikali ulisema ni udhaifu wa maandalizi: nchi haikuwa na uzoefu, vifaa vilichelewa, ugawaji ukavurugika. Upande wa upinzani ulisema haiwezekani uzembe ukachagua kuharibu mkoa uleule ambao Mrema alikuwa na nguvu. Sisi hatuna cha kumaliza ubishi huo. Tunachoweza kusema ni kwamba kwa mama aliyesimama na mtoto mgongoni tangu alfajiri mpaka jioni, tofauti ya maelezo hayo mawili haikumrudishia siku yake.

Tume yachora mstari

Tume, iliyokuwa chini ya Jaji Lewis Makame, ilifuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya Dar es Salaam na kupanga urudiwe Jumapili tarehe 19 Novemba. Kura zote zilizokwisha kupigwa mkoani humo, za Rais na za wabunge, zikawa si kitu.

Upinzani ulikuja na hoja moja nzito. Kasoro, walisema, hazikuwa za Dar peke yake. Vipo vituo vya mikoa mingine vilivyochelewa na kukosa vifaa vilevile. Kama kasoro inafuta uchaguzi, ifute nchi nzima. Kama haifuti, kwa nini Dar? Walikwenda Mahakama Kuu kutaka uchaguzi wote urudiwe na maombi yao yakatupwa. Ndipo vyama vya upinzani vikatangaza kuususia uchaguzi wa marudio, na wagombea urais wa upinzani wakasema wamejitoa. Lakini karatasi zilikuwa na majina yao, na kura walizopata mikoani tarehe 29 Oktoba zilibaki kwenye hesabu kama kawaida.

Tume nayo ilikuwa na jambo la kujitetea. Kuna tofauti kati ya kituo kuchelewa na mkoa mzima kushindwa, na kurudia nchi nzima kungegharimu fedha na muda ambao nchi haikuwa nao. Tukisema ukweli wetu, mstari uliochorwa ulikuwa rahisi kuuelewa kwenye ramani na mgumu kuueleza kwa mpiga kura. Ulifuata mpaka wa mkoa, wakati karatasi za kura zilikosekana kituo kwa kituo.

Jumapili ya pili, 19 Novemba

Hebu jiweke kwenye viatu vya mtu wa Kariakoo asubuhi hiyo. Wiki tatu zimepita. Redio imekwisha kusoma matokeo ya majimbo mengi ya mikoani na unajua Mkapa yuko mbele sana. Chama ulichokipenda kinakuambia usiende. Mara ya kwanza ulipoteza siku nzima ya biashara kwenye foleni. Sasa unaulizwa kama utafunga duka tena.

Vituo vilifunguliwa, vifaa vilikuwepo, foleni zilikuwa fupi. Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko mara ya kwanza. Mzee mmoja anayeuza kanga karibu na Mtaa wa Swahili alitueleza kwamba yeye alikwenda mara zote mbili, na kwamba mara ya pili alimaliza haraka hata akaona haya, kwani kituturi kilikuwa kinamsubiri yeye badala ya yeye kukisubiri. Jirani zake wa duka hawakwenda.

Siku nne baadaye, Alhamisi tarehe 23 Novemba 1995, Mkapa aliapishwa kuwa Rais wa tatu wa Jamhuri ya Muungano. Matokeo ya nchi nzima yalikuwa haya: Mkapa kura 4,026,422, sawa na asilimia 61.8. Mrema 1,808,616, asilimia 27.8. Lipumba 418,973, asilimia 6.4. Cheyo 258,734, karibu asilimia 4.

Ndani ya takwimu hizo, kura za Dar es Salaam ni za tarehe 19 Novemba. Kwa hiyo mtu akikuuliza Dar es Salaam ilipigaje kura kwenye uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, jibu la haki ni kwamba tunajua ilivyopiga baada ya wapinzani kujitoa. Ilivyotaka kupiga Jumapili ya kwanza, ikiwa na majina manne yanayoshindana kweli, hakuna hesabu inayoonyesha.

Je, Dar ingegeuza matokeo?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi, na bahati nzuri linajibika kwa kalamu na karatasi.

Wakati huo Katiba ilimtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura halali. Asipofikisha, kungekuwa na duru ya pili. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2000, na tangu hapo anayeongoza ndiye mshindi hata akiwa chini ya nusu. Mwaka 1995, basi, wapinzani hawakuhitaji kumpita Mkapa. Walihitaji kumshusha chini ya nusu tu.

Jumla ya kura halali ilikuwa 6,512,745. Nusu yake ni 3,256,372 na kidogo. Mkapa aliizidi nusu hiyo kwa kura kama 770,000. Ili ashuke chini ya nusu, kura 770,000 zilizokuwa zake zilipaswa kwenda kwa wengine. Au, kama tunazungumzia watu ambao hawakurudi vituoni tarehe 19 Novemba, walihitajika wapiga kura wapya zaidi ya milioni moja na nusu, wote dhidi yake. Sensa ya 1988 ilipata watu 1,360,850 Dar es Salaam, na ya 2002 ikapata 2,497,940. Mwaka 1995 mji ulikuwa katikati ya takwimu hizo mbili, na ukitoa watoto na wasiojiandikisha unabaki na wapiga kura wachache sana kuliko inavyohitajika.

Kwa hiyo hapana. Dar es Salaam peke yake isingemzuia Mkapa. Ushindi wake ulitoka mikoani, kwenye vijiji kama vya wasikilizaji wetu. Hilo linawapa jibu wale wanaouliza kama mji unawazidi nguvu.

Lakini usiichukue hesabu hii ukaifanya kifuniko. Tunaweza kuipiga leo kwa sababu takwimu zote ziko mezani. Tarehe 29 Oktoba hakuna aliyekuwa nazo. Kama tofauti ingekuwa ndogo kama ya Zanzibar wiki moja kabla, foleni za Kariakoo na Manzese zingekuwa ndizo zinazoamua nani awe Rais, na nchi ingekuwa kwenye hali nyingine kabisa. Tena kwa Katiba yetu, Tume ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama ya ndani inayoruhusiwa kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilisema kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Matokeo ya mbunge unaweza kuyapeleka mahakamani. Ya Rais, huwezi.

Kariakoo ya mchana, Kariakoo ya usiku

Ubunge wa Dar unatuonyesha picha ambayo kura ya Rais ya 1995 iliificha. Hata katikati ya kususia, jimbo la Ubungo lilimchagua Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi. Oktoba 1996, baada ya kiti cha Temeke kuwa wazi, Mrema mwenyewe aligombea hapo na kushinda. Yaani mwaka mmoja tu baada ya marudio, jimbo mojawapo kati ya yale saba lilimchagua mtu ambaye kura zake za Jumapili ya kwanza zilifutwa. Miaka mingi baadaye, 2010, Ubungo na Kawe zilikwenda CHADEMA kwa John Mnyika na Halima Mdee, na 2015 vyama vya UKAWA vilichukua majimbo sita kati ya kumi ambayo mkoa ulikuwa nayo kufikia wakati huo.

Ilala, ambalo ndilo jimbo la Kariakoo, halikuwamo kwenye orodha hizo. Lilimpa Iddi Simba wa CCM vipindi viwili kuanzia 1995, kisha kuanzia 2005 likawa la Mussa Azzan Zungu, wa CCM pia. Watu hushangaa. Inakuwaje sehemu yenye kelele nyingi za siasa, yenye wafanyabiashara wanaofunga maduka kwa mgomo wakichoshwa na kodi kama walivyofanya Mei 2023, ikawa imetulia hivyo kwenye ubunge?

Sehemu ya jibu ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Wale unaowaona Kariakoo mchana si wapiga kura wa Kariakoo. Simama Mtaa wa Kongo saa nane mchana, huwezi kupita bila kugusana bega. Rudi saa nne usiku uone nani amebaki. Yule kijana wa viatu amepanda daladala la Mbagala. Mwenye duka la vitenge anaishi Tabata au Kimara. Mpishi wa mihogo karudi Gongo la Mboto. Kila mmoja anapiga kura alikojiandikisha, na wengi hujiandikisha wanakolala. Wanaobaki ni wakazi wa nyumba za zamani na wa maghorofa, kidogo sana ukilinganisha na umati wa mchana, na jimbo lenyewe linaunganisha kata nyingine kama Upanga, Kisutu na Kivukoni, zenye watu wa maisha tofauti kabisa.

Ndiyo maana tulisema kujaza Jangwani si kujaza sanduku. Umati unaouona kwenye picha ukisambaa jioni, unasambaa majimbo mengi, na wengine wao hata hawajajiandikisha. Kama una ndugu yako anayefanya biashara Kariakoo na anakuambia kwa simu kwamba "huku wote ni chama fulani", usimbishie, ila muulize yeye mwenyewe amejiandikisha wapi.

Marudio yaliyofuata

Kilichotokea Dar es Salaam mwaka 1995 kimejirudia kwetu na kwa majirani kwa namna inayofanana mno.

Oktoba 2000, Tume zilifuta uchaguzi katika majimbo 16 ya Mjini Magharibi, Unguja, baada ya vifaa kuchelewa na vituo kuvurugika. CUF ilitaka Zanzibar nzima irudie. Tume zikarudia majimbo 16 tu, tarehe 5 Novemba, na CUF ikasusia. Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wote wa Zanzibar. Marudio yakawa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia tena, na Dk. Ali Mohamed Shein akatangazwa kwa zaidi ya asilimia 91. Kenya, Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais. Raila Odinga akajitoa kwenye marudio ya Oktoba, na Uhuru Kenyatta akapata asilimia 98 ya kura za wachache waliojitokeza.

Ukiziangalia zote kwa pamoja unaona kwamba marudio ni uchaguzi mwingine kabisa, wenye wapiga kura wengine na wagombea wengine hata kama majina kwenye karatasi hayajabadilika. Anayeamini kaonewa mara ya kwanza hukaa nyumbani mara ya pili, na anayebaki hushinda kwa asilimia ambayo hata yeye inampa shida kuieleza.

Tunaijua nchi moja jirani ambako haikwenda hivyo. Malawi, Februari 2020, Mahakama ya Katiba ilifuta uchaguzi wa Rais wa mwaka uliotangulia, ule uliokuwa maarufu kwa fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa wino mweupe wa kusahihishia. Ilifuta nchi nzima, si mkoa mmoja, na ikaagiza mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Wapinzani hawakususia. Waliungana, na tarehe 23 Juni 2020 Lazarus Chakwera akamshinda rais aliyekuwa madarakani, Peter Mutharika.